Doa Kwenye Gauni la Jukwaani

Kwa karibu miaka miwili nilimsikiliza yule mama mzee wa Kiingereza kwa sikio moja, lile la kulia. Sikio la kushoto lilikuwa Kitale.

Nilikuwa Doha, nimeletwa na kampuni inayopeleka wahudumu majumbani. Nililala mtaa wa Al Mansoura, wanawake sita chumba kimoja, vitanda vya kupandana, na kila asubuhi basi dogo la kampuni lilinichukua na kunishusha kwa mhandisi mmoja aliyekuwa akijenga mji mpya wa Lusail. Siku hizo Lusail ilikuwa vumbi na winchi tu. Mhandisi alikuwa mgane, watoto wake wakubwa wako kwao Uingereza, na mama yake aliyekwisha kuvuka tisini aliletwa Doha kwa sababu hakuna aliyebaki kule wa kumtunza. Kazi yangu ilikuwa huyo mama. Nimwogeshe, nimlishe, nimtembeze sebuleni mara tatu, nikae naye mpaka mwanawe arudi. Nilimwita Madam kama tulivyofundishwa, na yeye hakunikataza.

Binti yangu nilikuwa nimemwacha kwa mama yangu akiwa na miaka mitatu. Saa za Doha na saa za Kenya ni moja, na hiyo ilikuwa baraka kubwa. Saa kumi alasiri mtoto alikuwa ametoka chekechea, ameoshwa miguu, mama anampa simu. Balaa ni kwamba saa kumi hiyohiyo ndipo Madam alipotaka chai yake na mtu wa kumsimulia.

Dada mmoja wa chumbani kwetu, Mkenya mwenzangu aliyekuwa mlinzi kwenye duka kubwa, ndiye aliyenifundisha ujanja. Sare yetu ilikuwa na kitambaa cha kichwa. Unapitisha waya wa simu ndani ya blauzi, unaingiza kidude kimoja sikioni, kitambaa kinafunika, na dunia haijui. Nikawa nakaa kushoto kwa Madam ili sikio la kulia liwe upande wake. Binti yangu alikuwa akiniimbia na kunishtakia kuku wa jirani. Nikitaka kumjibu nilikohoa. Mama alikuwa amemweleza kwamba kikohozi kimoja ni ndiyo na viwili ni hapana. Nilikohoa sana miaka ile. Madam alihangaika na kifua changu hadi akamwagiza mwanawe aniletee asali, chupa nzima, na mimi nikaipokea na kushukuru. Nikikumbuka ile asali naona haya mpaka leo.

Hadithi zenyewe zilikuwa za watu wa jukwaani. Nyanya yake, yaani mama wa mama yake, alikuwa mwigizaji mashuhuri enzi za yule malkia wao mzee aliyekaa kitini hadi wajukuu wakazeeka. Kwetu mwigizaji alikuwa yule kijana wa kikundi kilichokuja shuleni kutuigizia kitabu cha mtihani, anabadilisha shati nyuma ya maktaba anatoka akiwa chifu. Sikuona ni vipi mtu wa namna hiyo awe na wajukuu wa kujivuna. Lakini huyu, kwa vipande nilivyodaka, watu waliwafungua farasi wa gari lake wakalivuta wenyewe kwa mikono hadi hotelini. Mumewe alikuwa mwigizaji pia na ndiye mwenye kundi, jina lake likaandikwa kubwa ubaoni na la mkewe chini yake, ingawa watu walikuja kumwona mke. Jumapili, wenzao wakiwa kanisani, wao walikuwa kwenye treni na makasha yao wakienda mji mwingine. Kuna wenye nyumba waliowakatalia vyumba kwa kuwa ni waigizaji, na kuna mabwana wakubwa waliowaalika chakula cha jioni usiku uleule. Watoto walilelewa na shangazi mmoja pwani ya huko, mwanamke mkali aliyewaambia majirani kwamba wazazi wao wako safarini kibiashara, maana kuuza nguo kulikuwa na heshima kuliko kuvaa nguo za malkia wa uongo.

Hivyo ndivyo vipande. Kati ya kipande na kipande kuna kuku wa jirani, kuna wimbo wa herufi, kuna mama yangu akisema, "Haya mwambie mama kwaheri." Madam alirudia hadithi moja zaidi ya zote, ile ya mama yake alipokuwa mtoto na siku aliyopelekwa ukumbini kumwona mwigizaji akiigiza. Alirudia karibu kila wiki. Nilidhani ni uzee. Wazee hurudia, nikajiambia, na kwa kuwa anarudia basi nitaisikia siku nyingine.

Mwaka wa pili, Disemba ilipokaribia, mhandisi akaniambia kwamba binti yake atakuja kwa likizo pamoja na mtoto wake, kitukuu wa Madam, aliyekuwa ametimiza miaka mitano. Madam alibadilika. Alitaka nywele zake zikatwe. Alitaka kutembea mara tano badala ya tatu. Asubuhi moja akaniambia nivute sanduku lililo chini ya kitanda chake, nitoe gauni la jukwaani la nyanya yake lililomo, nilitundike lipate hewa. Kisha akasinzia.

Lilikuwa gauni zito la rangi ya zabibu iliyoiva, lenye nyuzi za dhahabu shingoni, na kwapa zake zilinuka kitu cha zamani sana. Nikalitundika mlangoni. Ndipo nikaliona doa. Lilikuwa upande wa paja, jekundu lililogeuka kahawia, gumu kidogo ukiligusa, ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Sasa mnielewe. Kabla sijaenda Doha nilikuwa mama fua. Nilizunguka mitaa ya Kitale nikifulia watu kwa mikono, na jina nililijenga kwa madoa. Damu, chai, utomvu wa ndizi, lami, wino wa shule. Wanawake wengine walirudisha nguo wakisema haiwezekani, mimi nikazichukua. Mtu akiniambia doa halitoki alikuwa ananichokoza. Nikamwangalia yule mama mzee amelala mdomo wazi, nikafikiria wageni wake wanakuja kutoka mbali, na gauni la heshima la nyanya yake lina uchafu kama limefutiwa mikono na mtoto wa jikoni. Nikaona nimfanyie hisani.

Sikulilowesha lote, sikuwa mjinga. Niliweka taulo chini, nikachukua sabuni ya vyombo, magadi ya kupikia na maji ya vuguvugu, nikaanza kugonga kwa kitambaa, nje kwenda ndani, jinsi mama alivyonifundisha. Lilikuwa doa bishi. Lilikuwa na mafuta ndani yake, na mafuta ya zamani huwa yameshaoa kitambaa. Asubuhi nzima iliniishia hapo. Nilimpa Madam uji wake, akarudi kulala, na mimi nikarudi kwenye doa langu. Kufikia adhuhuri halikuwapo. Palibaki mahali peupe kidogo kuliko penginepo, na ukiwa hujui huwezi kupaona. Niliimba, jamani. Nilisimama mbele ya lile gauni nikaimba wimbo wa kanisani.

Saa kumi, chai mezani, Madam akaomba nimletee gauni mapajani. Macho yake yalikuwa yamefifia, hivyo alitumia vidole. Alipapasa shingo, akapapasa kiuno, akashuka kwenye paja. Akarudi juu. Akashuka tena, polepole, akiminya kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada. Mimi nilikuwa nasubiri kusifiwa.

"Liko wapi?" akauliza.

"Nimelitoa, Madam. Limetoka lote."

Mkono wake uliendelea kutafuta, kana kwamba hajanisikia. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lilikuwa kiganja cha mama yangu."

Nilipiga magoti. Nilisema pole kwa Kiingereza na kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama. Akaniambia nisimame.

"Nimekueleza mara ngapi?"

"Mara nyingi, Madam."

"Basi nisimulie."

Nikafungua kinywa. Nilijua kuna ukumbi, kuna mtoto, kuna meli. Nikasema kulikuwa na mtoto akaenda ukumbini. Nikakwama hapo. Nilipoinama kuficha uso, kile kidude kikateleza kutoka kwenye kitambaa kikaning'inia kifuani, na humo ndani, kidogo lakini wazi, binti yangu alikuwa akiimba siku za juma.

Madam akainamisha kichwa kusikiliza. Masikio yake yalikuwa mazima kuliko macho.

"Ni nani huyo?"

"Binti yangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Mitano sasa."

Akasikiliza mpaka Jumamosi. Halafu akasema, "Ungeniambia. Ningekupa nusu saa."

Nimeshatukanwa kazini, nimewahi hata kurushiwa sahani na mtu mwingine kabla yake, na hakuna kilichonikata kama ile nusu saa. Ilikuwa hapo muda wote. Ilihitaji mdomo tu.

Siku hiyo alinieleza mambo mawili, basi. La kwanza, kwamba katika familia yao msichana akifika miaka mitano huletwa mbele ya gauni, anaweka kiganja chake juu ya kile cha zamani, na mkubwa wa wanawake waliobaki anamsimulia yeye na mama yake hadithi yote tangu mwanzo hadi mwisho, hasa yale maneno ambayo mwigizaji alimwambia mtoto wake siku ile. Haiandikwi, na haisimuliwi kabla ya hapo. Mjukuu wake mwenyewe hakuwa ameisikia, maana alipotimiza miaka mitano familia ilikuwa imegombana na hawakuwa wakionana. La pili, kwamba miaka yote miwili alikuwa akinisimulia mimi kwa sababu aliogopa kusahau. Alikuwa akifanya mazoezi, kama nyanya yake, na mimi ndiye niliyekuwa ukumbi.

Chumbani Al Mansoura nilimweleza yule dada mlinzi. Alikuwa akipaka viatu vyake rangi, akaacha.

"Aki wewe! Unaoshaje kitu ya watu bila kuuliza?"

"Nilitaka kumsaidia."

"Kwani hakuwa amekuambia?"

"Aliniambia."

"Zii," akasema, akarudi kwenye viatu vyake. "Hapo sina la kukwambia."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema watu. Guu langu lilibaki zima. Kilichovunjika kilikuwa cha mtu mwingine, na mtu mwenyewe hakunifukuza wala hakumwambia mwanawe. Kuanzia kesho yake, saa kumi ikifika, Madam aliweka kikombe chini na kusema, "Mpigie binti yako." Kisha akafumba macho. Nikawa napiga simu waziwazi, kwa masikio yote mawili, na mtoto akashangaa kwamba mama amepona kikohozi. Hadithi hazikuja tena.

Hapa ndipo majuto yangu yanapokaa. Doa ni kosa, na kosa humpata kila mtu mwenye mikono. Lakini baada ya doa nilikuwa na siku kumi na tisa. Siku kumi na tisa yule mama alikuwa hai, ana kauli, anakaa hatua mbili kutoka kwangu, na nilichotakiwa kusema ni, "Madam, nisimulie tena, leo nasikia." Kila siku nilijiambia kesho. Niliona aibu. Nilifikiri nikiuliza nitamtonesha, na kwa kweli nilikuwa najilinda mwenyewe nisionekane mjinga mara ya pili. Alikuwa akinipa ile nusu saa yake kila siku na mimi niliipokea yote bila kumrudishia hata dakika tano.

Siku ya ishirini nilimkuta amepinda mdomo. Kiharusi. Alikaa hospitalini juma moja, wakamrudisha nyumbani akiwa na mkono mmoja unaofanya kazi na ulimi usiofanya. Aliweza kutikisa kichwa kukataa na kukiinamisha kuitikia. Alielewa kila kitu, macho yalisema hivyo.

Mjukuu wake alikuja siku tano baadaye na yule mtoto, msichana mwenye mapengo mawili mbele. Alikuwa mwanamke mpole, mchovu, aliyelia mlangoni kisha akafuta uso kabla ya kuingia kwa nyanya yake. Alasiri ya pili akaniomba nilete gauni. Nililileta.

Tulikuwa wanne chumbani. Madam kwenye kiti na mito, mjukuu kwenye kigoda na daftari, mtoto amesimama, na mimi.

"Kiganja kiko wapi?" mjukuu akauliza.

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia doa nimelitoa mimi, kwa mikono yangu, kwa kutojua. Alinikodolea macho, akamgeukia nyanya yake, na nyanya yake akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo. Mwanamke yule akaweka daftari chini. Mtoto ndiye aliyetembea hadi kwenye gauni, nikamwonyesha pale palipokuwa peupe kidogo, akaweka kiganja chake. Akauliza kama kinatosha. Hakuna aliyejua.

"Basi hadithi," mjukuu akasema. "Angalau hadithi." Akamtazama nyanya yake, kisha akakumbuka. Alianza kulia tena. Na hapo Madam akainua ule mkono mmoja akaninyooshea mimi.

"Wewe unaijua?" mjukuu akaniuliza. "Alikusimulia?"

Alinisimulia mara sitini huenda. Nikasema ndiyo.

Nikaanza na vipande vilivyokuwa vyake kweli. Farasi waliofunguliwa, treni za Jumapili, shangazi wa pwani na biashara yake ya uongo. Mjukuu akaokota daftari, kalamu yake ikakimbia. Nikafika ukumbini, nikasema mtoto alipelekwa siku moja kumwona mama yake, na mama yake alikufa pale jukwaani, kufa kwa kuigiza, na mtoto akapiga ukelele mpaka ikabidi apelekwe nyuma ya pazia. Hicho nilikuwa na hakika nacho, nilikumbuka kwa sababu siku ile binti yangu naye alilia simuni. Nikasema mwigizaji alimpakata akiwa bado na rangi usoni, mtoto akamshika shavu, kisha akashika gauni. Nadhani ndivyo. Ile rangi nyekundu yenye mafuta lazima ilitoka mahali. Na kesho yake mwigizaji alikuwa anapanda meli kwenda Marekani kuigiza kwa miezi mingi.

"Akamwambia nini?" mjukuu akauliza. "Baba anasema kuna maneno aliyomwambia."

Sikuwa nayo. Nilitafuta kila mahali kichwani mwangu, nikakuta siku za juma na kuku. Chumba kizima kilikuwa kinaningoja, na mtoto alikuwa bado ameweka kiganja juu ya gauni, hataki kukitoa mpaka aambiwe.

"Alipiga magoti," nikasema, "akamfunga viatu. Vilikuwa vipya, vikubwa kidogo. Akamwambia, mama anaenda karibu tu. Nitarudi kabla viatu hivi havijakubana. Mtoto alishika tu sketi, kidole kimoja kimoja wakamfungua, na mama mtu hakugeuka nyuma, kwa sababu angegeuka asingeenda."

Haikuwa London. Ilikuwa stendi ya Kitale, saa moja asubuhi, na aliyefungua vile vidole alikuwa mama yangu. Viatu vilikuwa vya plastiki, vya buluu, na vilimbana kabla sijamaliza mwaka wa kwanza. Sikuwahi kumweleza mtu hata mmoja maneno yale. Yalitoka kwa sababu ndiyo pekee niliyokuwa nayo ya kujaza pale pengo lilipokuwa.

Mjukuu aliandika yote. Aliandika viatu, aliandika karibu tu. Hadithi iliyokuwa haiandikwi, akaiandika ili isipotee tena, na mtoto wake ataisimulia akiwa mzee kwa watoto ambao mimi sitawajua. Kisha akainuka, akamshika nyanya yake ule mkono mzima, akamuuliza, "Ni kweli? Ndivyo alivyosema?"

Madam aliniangalia. Yale macho yaliyofifia yalikaa usoni kwangu, hayana hasira, na nilijua anajua ni mama yupi aliyesema maneno yale na kwa mtoto yupi. Niliomba atikise kichwa. Nilitaka akatae mbele ya wote, niaibike, na mahali pa maneno ya nyanya yake pabaki patupu kama palivyostahili.

Akaitikia kwamba ndivyo.